Kisomaskrini na Fonolojia ya Kiswahili: Historia Fupi ya Mashine Zisomazo kwa Ajili ya Vipofu

Aghalabu mtu anapoiona kompyuta ikimsomea kipofu maandishi kwa sauti, hudhani kwamba hiyo ni kazi ya wahandisi peke yao, na kwamba mwanaisimu hana la kusema juu yake ila kustaajabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi katika historia. Tangu mashine za namna hii zilipoanza kutungwa, kufaulu na kushindwa kwake kumetegemea maarifa ya lugha angalau sawa na maarifa ya umeme. Na pale ambapo lugha fulani haikuchunguzwa kwa ajili ya kazi hii, wasioona walioilelewa nayo wamelazimika kuisikia ikisomwa kwa kinywa cha kigeni. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo.

Kwanza, neno moja juu ya istilahi. Tutasema "kompyuta", ingawa wasomaji wa Kenya wamezoea pia "tarakilishi", na wapo bado wakumbukao "ngamizi". Ama programu inayosoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, tutaiita "kisomaskrini", kwa kufuata mfano wa "kipazasauti" na "kinasasauti". Anayeliona neno hili kuwa zito na alete jepesi zaidi. Jambo moja tu tungeomba, nalo ni kwamba lisiwe neno linalohitaji kuelezwa kila linapotajwa.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mnamo mwaka 1913 mwanafizikia E. E. Fournier d'Albe, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alitunga chombo kilichoitwa optofoni. Chombo hicho kilimulika herufi zilizopigwa chapa na kuyageuza maumbo yake kuwa milio ya juu na ya chini, na msikilizaji alitakiwa ajifunze mlio wa kila herufi kama vile mtu anavyojifunza alfabeti mpya. Wapo waliojifunza. Mary Jameson, Mwingereza asiyeona, alisoma vitabu kwa optofoni. Lakini wengi hawakufika mbali, kwa kuwa usomaji ulikuwa wa polepole na wenye kuchosha. Kwa muda wa miaka thelathini hivi, lawama ilitupiwa chombo: iliaminika kwamba milio ikiboreshwa, kasi nayo itaongezeka.

Imani hiyo ilivunjwa na jambo ambalo wanafonetiki wote wanalifaidi leo, ingawa ni wachache wanaokumbuka kwamba lilitokana na haja ya vipofu. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilitafuta njia ya kuwasaidia askari waliopoteza macho vitani. Mwaka 1944 maabara ya Haskins, iliyokuwa New York wakati huo, ilikabidhiwa kazi ya kutafiti mashine ya kusomea. Waliohusika hasa walikuwa Franklin Cooper na Alvin Liberman. Walijaribu alfabeti za milio za kila aina, na kila mara wakakuta kwamba msikilizaji, hata akifanya mazoezi namna gani, hawezi kuipita sana kasi ya mtu anayesikiliza simu ya maandishi ya Morse. Milio ikiharakishwa hupotea ndani ya mvumo mmoja. Hata hivyo, watu hao hao husikiliza maneno ya kawaida yenye sauti kumi na zaidi kwa kila sekunde, wala hawachoki. Basi swali likageuka: je, usemi una nini ambacho milio haina?

Ili kulijibu, walitengeneza mtambo uliogeuza michoro ya mawimbi ya sauti kuwa sauti zisikikazo, wakawa wanaweza kufuta sehemu ya mchoro au kuongeza nyingine na kusikia matokeo yake. Ndipo ilipobainika kwamba usemi haupangwi kama shanga, sauti moja baada ya nyingine. Ile tuiitayo /d/ katika silabi "di" haifanani kimawimbi na /d/ ya "du". Kila konsonanti imekwisha changanyika na irabu yake kabla haijatoka kinywani, na sikio hupokea habari za sauti mbili au tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mashine ya kumsomea kipofu haikuwa na njia ya mkato. Sharti iseme lugha. Na ili iseme lugha, sharti mtu aandike kwanza kanuni za lugha hiyo, kuanzia herufi hadi kiimbo.

Kwa Kiingereza kazi hiyo ilikuwa ngumu mno kwa sababu ya tahajia yake. Katika miaka ya 1970, watafiti wa chuo cha MIT, miongoni mwao Jonathan Allen, Sheri Hunnicutt na Dennis Klatt, walitunga mfumo ulioitwa MITalk. Ili mfumo huo utamke neno la Kiingereza vizuri, ulipewa kamusi ya mofu zipatazo 12,000, kwa maana herufi peke yake haziwezi kuaminiwa. Wakati huohuo, mwaka 1976, Ray Kurzweil aliionyesha hadharani mashine iliyosoma vitabu vilivyopigwa chapa kwa herufi za kila namna na kuvitamka. Kutokana na utafiti wa Klatt kikapatikana chombo cha kutoa sauti kilichoitwa DECtalk, ambacho kiliingia sokoni mwaka 1984, nacho kilitumika kwa miaka mingi pamoja na kompyuta za vipofu.

Kisomaskrini chenyewe kilizaliwa katika miaka hiyo ya 1980. Kioo cha kompyuta ya wakati ule kilikuwa na mistari 25, kila mmoja ukiwa na nafasi 80 za herufi, na herufi hizo zilihifadhiwa mahali maalumu katika kumbukumbu ya mashine. Programu ya kusoma ilipaswa tu kwenda mahali hapo na kuzichukua. Jim Thatcher wa kampuni ya IBM, ambaye alifanya kazi pamoja na mwanahisabati asiyeona, Jesse Wright, alitunga programu iliyouzwa na kampuni hiyo kuanzia katikati ya mwongo ule. Ted Henter, aliyekuwa mwendeshaji wa pikipiki za mashindano kabla ya kupoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, aliunda kampuni pamoja na Bill Joyce mwaka 1987, na miaka miwili baadaye wakatoa programu ya JAWS, ambayo ingalipo hadi leo.

Yafaa tuseme kidogo juu ya msukosuko uliofuata, kwani unafundisha jambo. Kompyuta zilipoanza kutumia madirisha, picha na kishale kinachosukumwa kwa mkono, waonao walifurahi. Wasioona karibu wapoteze kila walichokuwa wamekipata. Herufi hazikuwa tena herufi ndani ya kumbukumbu ya kioo. Zilikuwa nukta zilizopakwa rangi, sawa na picha ya ua au ya nyumba. Wapo waliohofu wazi kwamba kipofu aliyeajiriwa kwa ajili ya ujuzi wake wa kompyuta angefukuzwa kazini punde mwajiri wake anunuapo mashine mpya. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kijanja: programu ya kusoma ilizidaka amri za kuchora kabla hazijafika kwenye kioo, nayo ikajijengea nakala ya kioo isiyoonekana, yenye maneno badala ya nukta. Richard Schwerdtfeger wa IBM aliueleza utaratibu huu katika jarida la Byte mwaka 1991. JAWS ya Windows ikatoka mwaka 1995, na baadaye watengenezaji wa mifumo ya kompyuta wenyewe wakaanza kuweka milango maalumu ambayo visomaskrini hupitia ili kuuliza: hiki ni kitufe au ni aya?

Lakini bei ilikuwa kikwazo. Katika miaka ya 2000 nakala moja ya JAWS iliuzwa kwa takriban dola 900 za Marekani, bei iliyoweza kuzidi ile ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 kijana wa Kiaustralia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika kisomaskrini cha bure, NVDA, akaungwa mkono na mwenzake James Teh, ambaye naye haoni. Sauti waliyoitumia ni ya programu nyingine ya bure, eSpeak, iliyoandikwa na Mwingereza Jonathan Duddington. Sauti hiyo ni kavu, ya kimashine, na wageni huichukia papo hapo. Wazoefu huipenda kwa kuwa yaweza kuharakishwa hadi maneno 300 kwa dakika na zaidi bila kupoteza ubayana wake. Kwa habari ya makala haya, la muhimu ni kwamba eSpeak iliandikwa kwa namna ambayo lugha mpya huweza kuongezwa kwa faili chache tu, zikiwamo moja ya kanuni za matamshi na nyingine ya maneno yaliyo kinyume cha kanuni. Lugha nyingi ziliongezwa hivyo, Kiswahili kikiwa mojawapo. Duddington mwenyewe alieleza bila kuficha kwamba nyingi katika hizo zilikuwa majaribio ya awali, ambayo hayajapata masahihisho ya kutosha kutoka kwa wenye lugha.

Hapa ndipo tunapopaswa kujiuliza sisi wenyewe. Ikiwa Kiingereza chenye tahajia yake iliyopinda kilitiwa ndani ya mashine mnamo miaka ya 1970, kwa nini Kiswahili kilichelewa? Haikuwa kwa sababu ya ugumu. Tahajia yetu ya hati za Kilatini, ambayo Krapf na Steere waliitengenezea njia katika karne ya 19 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaisanifisha kuanzia mwaka 1930, inakaribia sana kanuni ya herufi moja kwa sauti moja. Irabu ni tano, hazibadiliki. Shadda hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Kanuni za Kiingereza katika eSpeak hujaza maelfu ya mistari. Za Kiswahili ni fupi mno. Kilichokosekana kilikuwa soko, na pamoja na soko, watu wa lugha waliojua kwamba kazi hii iko.

Hasara ya kuchelewa huko si ya kubuni. Kisomaskrini kisicho na sauti ya Kiswahili hakinyamazi kinapokuta maandishi ya Kiswahili; hukisoma kwa kanuni za lugha kilizo nazo. Na tuchukue maneno manne ya kila siku: "pole", "pale", "vile" na "wake". Yote manne huandikwa sawasawa na maneno ya Kiingereza, na kwa kanuni za Kiingereza kila moja ni silabi moja. Mwanafunzi asiyeona anayesoma riwaya kwa sauti hiyo hulazimika kukisia kwamba "weik" ni "wake" na kwamba "vail" ni "vile", huku akiendelea kufuata kisa. Wengi wamejifunza kufanya hivyo kwa ustadi wa kushangaza. Lakini tusiuite usomaji. Ni kazi ya ufasiri inayofanywa juu ya kila neno, katika lugha ambayo msomaji aliijua kabla hajaingia shule.

Hatua za kuliondoa tatizo hili zimechukuliwa, na nyingine zimetoka kwetu. Mwaka 2005, katika mkutano wa kimataifa wa wanasayansi wa usemi uliofanyika Lisbon, kundi la watafiti, akiwamo Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi, lilieleza mfumo wa kugeuza maandishi ya Kiswahili kuwa sauti. Katika miaka ya 2020 kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sauti za Kiswahili zilizotengenezwa kwa mbinu mpya, mbili za Kenya na mbili za Tanzania, ikazipa majina: Zuri na Rafiki kwa Kenya, Rehema na Daudi kwa Tanzania. (Kwa nini Mtanzania apewe majina ya watu na Mkenya apewe sifa, hatujui.) Sauti hizi ni tamu kuliko ile ya eSpeak. Utamu lakini hauthibitishi usahihi, na matatizo yaliyobaki ni yale hasa yaliyo katika uwanja wetu.

Tuanze na nazali. Katika "mtu mbaya", /m/ ya kivumishi ni kiambishi cha ngeli ya kwanza, nayo ni silabi peke yake: m-ba-ya. Katika "nyumba mbaya", /m/ imeungana na /b/ kuwa sauti moja: mba-ya. Maandishi ni yale yale. Ili itamke sawasawa, mashine haina budi kuijua ngeli ya nomino iliyotangulia. Mtu aweza kusema kwamba tofauti hii haibadili maana, na ni kweli. Lakini mwalimu wa ushairi atajibu kwamba inabadili mizani. Mwanafunzi asiyeona huzihesabu mizani kwa sikio, na chombo kinachopunguza silabi moja katika kipande cha nane kitamwambia kwamba mshairi amekosea.

Kadhalika "barabara": shadda ikikaa kwenye silabi ya tatu ni njia, ikikaa kwenye ya pili ni "sawasawa". Hapa maana nzima hubadilika, wala hakuna alama katika maandishi. "Paa" la nyumba na "paa" wa mwituni hutofautishwa na wenyeji wengi wa pwani kwa mpumuo, ambao tahajia sanifu haikuukubali. Katika hili tungeshauri mashine iachwe itamke sawa, kama wafanyavyo wasemaji wengi wa bara. Alama ya "ng'ombe" nayo ina kero yake: wapiga chapa wengine huandika ritifaa ya kawaida, wengine alama ya kufungia usemi, na kompyuta huziona kuwa alama mbili tofauti. Mashine iliyofundishwa moja tu yaweza kulikata neno hilo vipande viwili.

Hata hivyo, yote hayo ni mepesi mbele ya tarakimu. Kila mwandishi wa Kiswahili huandika "watu 3" na "vitabu 3", na kila msomaji aonaye husema "watu watatu" na "vitabu vitatu" bila kufikiri. Mashine isiyojua upatanisho wa kisarufi itasema "watu tatu". Kanuni yenyewe si ya nambari zote: moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na nomino, sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Katika nambari kubwa upatanisho hurudi mwishoni, kwa hiyo "watu 21" ni "watu ishirini na mmoja". Tena "sura ya 3" ni "ya tatu", lakini "sura ya 1" ni "ya kwanza", na "ya 2" ni "ya pili". Halafu kuna saa. Kompyuta ikiulizwa wakati nayo ikiwa na 10:00 asubuhi, je, iseme "saa kumi", ambayo kwa Mswahili ni alasiri, au iseme "saa nne"? Mhandisi hawezi kulaumiwa kwa kutoyajua haya. Yamo katika vitabu vya sarufi vilivyoandikwa na watu wa fani yetu, yakiwa yamepangwa kwa ajili ya mwanafunzi mgeni anayejifunza Kiswahili. Hayajapangwa kwa ajili ya mashine, ambayo haina busara hata kidogo na huhitaji kuambiwa kila kitu.

Kuna swali moja la mwisho ambalo limezusha mabishano kati ya walimu wa wasioona, nalo ni la Breli. Maandishi hayo ya nukta, ambayo Louis Braille aliyatunga akiwa kijana huko Ufaransa na kuyachapisha mwaka 1829, yalikuwa msingi wa elimu katika shule zetu za vipofu, kama ile ya Thika iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu katika miaka ya 1940. Siku hizi wapo wasemao kwamba kompyuta iongeayo imeyafanya yasihitajike. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikuwa na maoni hayo: Kifungu cha 7, kile kile kinachokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kinaiagiza serikali iendeleze pia Breli pamoja na mawasiliano na teknolojia nyingine wanazoweza kuzitumia watu wenye ulemavu. Sisi tunaona kwamba Katiba ina haki, na ushahidi wetu ni wa kiisimu. Kiswahili kisomwapo kwa sauti hufichua karibu herufi zake zote, lakini hakifichui mipaka ya maneno. "Kwa sababu" na "kwasababu" husikika sawa. Vivyo hivyo "hata hivyo" na "hatahivyo", "kwa hiyo" na "kwahiyo". Aliyelelewa kwa sikio pekee hana pa kuuona mwanya huo. (Wanafunzi wetu waonao nao huandika vivyo hivyo, ila wao hawana udhuru.) Kidole kipitacho juu ya Breli hukutana na nafasi tupu. Na kompyuta yenyewe yaweza kuitoa Breli hiyo, kwa vifaa vyenye pini ndogo ambazo huinuka na kushuka chini ya vidole kadiri msomaji anavyosonga mbele, hata msomaji mmoja akaweza kusikia na kugusa sentensi ile ile kwa pamoja.

Anayetaka kukipima kisomaskrini chochote kinachodaiwa kujua Kiswahili hahitaji mtambo wala maabara. Na akiandikie sentensi hii: "Wanafunzi 8 wa darasa la 2 walimpa mwalimu mbaya vitabu 5 barabarani, na ng'ombe 1 akapita pale." Kisha asikilize kwa makini mahali sita: palipo na nane, na pili, na mbaya, na tano, na ng'ombe, na mmoja. La "pale" litajibiwa mapema zaidi, kwani likisikika kuwa silabi moja tu, mpimaji atajua kwamba mashine bado inasoma Kiingereza.